Polo la Mahindi Lisipofika

Hotuba kwa wafugaji wa kuku wa nyama, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wafugaji, na nyinyi vijana wa skuli mliokaa pale nyuma, nakushukuruni kwa kuja. Najua wapo humu walioacha vifaranga wa siku nne nyumbani, na mwenye vifaranga wa siku nne hana raha ya kukaa kitako. Sitakuwekeni mpaka alasiri.

Hapa mezani nimepanga sahani tano. Ya kwanza mahindi meupe, haya tuliyoyazoea. Ya pili mtama mweupe, ya tatu mtama mwekundu, ya nne uwele, na ya tano chenga za mchele nilizozichukua jana kwenye mashine ya kukobolea. Pembeni pana chupa tupu yenye kifuniko, na chumvi kwenye karatasi. Vyote vina kazi yake leo.

Nianze na lililonifikisha hapa. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa Julai, nilikuwa na vifaranga 300 wa wiki mbili. Kusi limeshika, bahari imechafuka. Jahazi la mahindi kutoka Tanga lilitakiwa lifike Jumatatu. Jumatatu halikuja, Jumanne halikuja, mpaka Ijumaa watu tunatoka msikitini tunaulizana habari za jahazi. Sasa kuku wa kienyeji ukimkosesha chakula atakwenda kuchakura chini ya mgomba, atapata chake. Broila, huyu kuku wetu wa nyama, hana hilo. Hukaa pale pale penye sahani yake akakutazama.

Nikenda kwa mfanyabiashara mmoja, akaniuzia polo nne alizokuwa nazo ghalani. Nilipotia mkono katikati ya polo nikahisi vuguvugu, na harufu yake ni ile ya jamvi lililokunjwa kabla halijakauka. Nilihisi, siwezi kusema sikuhisi. Lakini vifaranga 300 wana njaa, na mimi nikajiambia nitayaanika. Nikayaanika siku moja juani, nikayasaga, nikachanganya, nikalisha.

Wiki ya tatu manyoya yakaanza kuwasimama. Wanajikunyata pembeni, wanakula kidogo, wale waliokuwa wakubwa na wale waliokuwa wadogo hawalingani tena. Kisha wakaanza kufa, leo wawili, kesho watano. Mpaka nawauza waliobaki, walikuwa wamekufa 41. Nilimpasua mmoja kwa kisu cha jikoni. Ini la kuku mnalijua, wekundu wake wa damu ya mzee. Hili lilikuwa limepauka, rangi ya manjano ya udongo, na limevimba. Daktari wa mifugo alipoliona hakuhitaji maelezo mengi. Alisema sumukuvu.

Nataka tufahamiane vizuri kuhusu sumukuvu, kwa sababu wengi wetu tunaidhania kuwa ni ule ukungu wa kijani tunaouona. Ukungu ni mzalishaji, sumu ni alichokiacha. Ukiyaanika mahindi yaliyokwisha kuvunda unausimamisha ukungu, unaondoa harufu, lakini sumu imebaki ndani ya punje. Ukiyapika, imebaki. Sumu hii yenyewe dunia iliijua kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja, na kwa kuwa hakuna aliyejua kinachowaua, wakauita ugonjwa X. Walipofuatilia wakakuta ni mashudu ya karanga, yale mabaki ya karanga zilizokamuliwa mafuta, yaliyoingia kuvu. Na wala haiui ndege tu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yao wenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "mahindi mabovu kidogo, wape kuku," mwambie kuku naye ana ini, na ini hilo hilo wako watu wanaolikaanga wakalila.

Hilo ndilo lililonitia mawazo. Nilikaa na kalamu nikahesabu. Kuku mmoja wa nyama, mpaka kufika wiki ya tano au ya sita, hula chakula kiasi cha kilo 3 na robo. Kuku 300 ni karibu tani moja. Katika kila kilo 100 za chakula chetu tunachokichanganya wenyewe, mahindi huwa kilo 60 hivi. Basi kila nikiingiza kuku 300, kilo kama 600 lazima zivuke bahari. Na katika gharama zote za banda, yaani vifaranga, dawa, maranda, umeme, chakula peke yake kinachukua sehemu 6 mpaka 7 katika kila 10. Mimi nilikuwa nimelifunga banda langu lote kwenye kamba moja ya jahazi.

Na kisiwa hiki si kisiwa cha kukosa nafaka. Kabla karafuu haijashika mashamba yetu, Pemba ndiyo iliyokuwa ikiilisha Mombasa mchele. Mabonde yapo mpaka leo na mpunga unalimwa. Upande wa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe ambako mkarafuu hausimami, wazee wakilima mtama na uwele. Wengine mliomo humu mmekulia kuamia ndege, mmekaa juu ya ulingo na kopo na kamba tangu alfajiri. Mtama ulipungua kwa sababu watoto wako skuli, na shamba la mtama bila ya mtu wa kuamia ni karamu ya ndege. Hilo ni tatizo la kweli na nitalirudia.

Kwanza tuulize kuku anataka nini kwenye mahindi. Anataka nguvu. Mahindi ni wanga na mafuta kidogo, nyuzinyuzi chache, na broila aliyezaliwa kukua haraka anahitaji chakula kilichobeba nguvu nyingi mahali padogo, maana tumbo lake ni lile lile dogo. Protini ya mahindi ni chache, kiasi cha asilimia 8 na nusu, na kifaranga wa mwanzo anataka chakula chenye asilimia kama 22, wa kumalizia 18 au 19. Ndiyo maana tunatia dagaa na mashudu. Kwa hiyo nafaka yoyote tunayotaka kuiweka mahali pa mahindi tuiulize maswali matatu: ina nguvu kiasi gani, inaleta protini gani, na ina kasoro gani iliyojificha. Hilo la tatu ndilo linalotia watu hasara.

Wenzetu hawalishi mahindi kote. Wamarekani na Wabrazili wanalisha mahindi kwa sababu wanayo mengi. Uingereza kuku wa nyama hulishwa ngano. Australia ni ngano na mtama. Sudan, ambako mtama ndio nafaka ya nchi, kuku hula mtama. Kila mmoja amechukua cha kwake akajifunza kasoro zake. Ngano kwa mfano hufanya utelezi tumboni mwa kuku, kinyesi kikawa maji, na wao wamelimaliza hilo kwa kutia kwenye chakula vimeng'enya, yaani vitu vinavyosaidia kukisaga tumboni. Sisi ngano hatulimi, sitaikalia. Pumba za ngano zinazouzwa madukani ni kitu kingine kabisa, zina nyuzinyuzi nyingi, nguvu chache. Kwa broila usizidishe kilo 5 katika 100.

Tuje kwenye mtama. Nimemuomba mzee wangu huyu wa safu ya mbele anisaidie, Mungu amjaalie. Mzee, tafadhali tafuna punje tatu za sahani ya pili. Vipi? Anasema tamu, kama bisi bichi. Sasa tafuna za sahani ya tatu.

Mnauona uso wake? Mpeni maji.

Ule ni ukakasi. Ni ule ule wa ndizi mbichi, wa bibo lisilowiva. Ulimi unakauka kwa sababu kile kitu kilichomo kwenye punje, kinaitwa tanini, kinayakamata mate yako na kushikana na protini iliyomo ndani yake. Sasa fikirini hilo hilo linatokea ndani ya utumbo wa kuku. Wewe umenunua dagaa kwa bei, umewatia, na tanini inakwenda kushikana na protini ya dagaa, inashikana na vimeng'enya vya kuku mwenyewe, na vyote vinatoka nyuma vikaanguka kwenye maranda. Kuku anakula sana, hanenepi. Mimi nilipoukimbia mkasa wa mahindi niliingia kwenye huu. Nilinunua mtama mwekundu bila kuujua, nikauweka mahali pa mahindi yote kwa mkupuo mmoja, ndani ya siku moja. Kuku hawakufa hata mmoja, lakini siku ya 40 walikuwa hawajafika hata kilo 1 na nusu, na chakula wamemaliza.

Mkulima aliyepanda mtama ule hakukosea. Ndege wanauchukia ukakasi kama mzee wetu hapa alivyouchukia, kwa hiyo anayepanda mtama wa tanini anapumzika kuamia. Kinga ya shambani ndiyo hasara ya bandani. Ndiyo maana nasema tukizungumza na wakulima wetu walime mtama wa kuku, lazima tuzungumze na nani ataamia, na malipo yake ni nini. Tusiwaambie tu "limeni mweupe" halafu tukakaa kungoja polo.

Rangi peke yake isikudanganyeni. Uko mtama mwekundu usio na tanini, wekundu uko kwenye ngozi ya nje tu. Fanyeni hivi. Chukua punje, ikwangue taratibu kwa kisu au kwa ukucha, utoe ngozi ya juu. Ukikuta chini yake weupe wa unga moja kwa moja, mtama huo ni salama. Ukikuta tabaka jembamba la hudhurungi iliyoiva, kama rangi ya kahawa, kati ya ngozi na unga, hapo ndipo tanini ilipo. Kwangua punje 20 kutoka polo mbalimbali, maana wafanyabiashara huchanganya. Kisha tafuna. Ulimi wako haudanganyiki.

Ukiwa umeshaununua wenye tanini? Iko njia ya kuuroweka kwenye maji ya majivu, ukasuuza ukaanika, na tanini hupungua sana. Kazi yake ni kubwa kwa polo nyingi na kwa hali ya hewa yetu hii ya unyevu, na mimi siwashauri wa broila. Wapeni kuku wa kienyeji na bata, kidogo kidogo, pamoja na majani na wadudu wao wanaojitafutia. Na kuna jambo moja naliomba mlishike: mtama uliochipua msiupe kuku pamoja na machipukizi yake. Lile chipukizi la kijani lina sumu ya namna ya ile ya muhogo mchungu.

Ukipata mtama mweupe usio na tanini, uko karibu sana na mahindi. Nguvu yake ni pungufu kidogo tu, protini yake ni kama asilimia 10. Bara wanazo mbegu nyeupe kama Macia na Tegemeo. Kitaalamu unaweza kuondoa mahindi yote. Nyumbani kwangu nimesimama kwenye nusu kwa nusu, na nina sababu. Protini ya mtama humeng'enywa kwa shida kidogo kuliko ya mahindi hata pasipokuwa na tanini, na imepungukiwa laisini, kile kipande cha protini ambacho ndicho kinachojenga nyama ya kifua. Nikiweka nusu, dagaa wangu wanaifidia. Makundi mawili nimeyatoa hivyo, na kwenye mizani sikuona tofauti na yale ya mahindi matupu.

Mtama uparazwe, usisagwe unga. Nikisema kuparaza mama zangu mnanielewa, ni ule usagaji wa chenga chenga. Unga laini humganda kuku mdomoni, anakwenda kunywa, anauacha majini, maji yanachafuka, na chakula umekimwaga. Chenga kubwa kidogo huipa firigisi kazi, na firigisi iliyofanya kazi huwa nene na humeng'enya vizuri. Lakini punje nzima za mtama kwa kifaranga mdogo zitapita kama zilivyoingia. Mkizikuta kwenye kinyesi, mwenye mashine kaacha nafasi kubwa, punje zimepita nzima.

Uwele sasa. Mimi uwele naupenda, na nitakwambieni kwa nini kwa hesabu. Protini yake ni kama asilimia 12, mafuta yake yanazidi ya mahindi, na ukakasi wa tanini hauna. Chukua zile kilo 60 za mahindi katika kilo 100 za chakula. Kwa asilimia 8 na nusu zinakupa protini kilo 5 na gramu 100. Weka uwele mahali pake, zinakupa kilo 7 na gramu 200. Umezidisha kilo 2 na gramu 100 za protini. Dagaa safi aliyekauka, nusu ya uzito wake ni protini na pengine zaidi, kwa hiyo ziada hiyo ni sawa na kilo 4 za dagaa. Na dagaa ni kitu ghali kwenye ndoo yetu.

Msikimbilie kutoa kilo 4 zote. Protini ya dagaa ina laisini ya kutosha, na methionini, kipande kingine cha namna hiyo, ya uwele haina kiasi hicho. Toa kilo 2, angalia ukuaji, kisha uamue. Na punje ya uwele ni ndogo hivi kwamba kuku wakishafika wiki ya tatu unaweza kutia kilo 5 au 10 katika 100 bila hata kuzipeleka mashine. Tatizo la uwele ni upatikanaji. Hapa sokoni unauzwa kwa kibaba kama kitu cha uji wa mgonjwa. Kwa bei ya kibaba hauwezi kuwa chakula cha kuku, lazima tununue kwa polo, tukiwa wengi, kwa oda moja.

Sahani ya tano, chenga. Chenga za mchele nguvu yake inashindana na mahindi, nyuzinyuzi hazina, humeng'enywa kwa wepesi, na kwa sababu hiyo ndiyo nafaka ninayoiamini kwa vifaranga wa wiki ya kwanza. Protini yake ni ndogo, asilimia 7 mpaka 8, kwa hiyo usipunguze dagaa hata chembe. Mama mmoja kaniuliza pale mlangoni: mwanangu, chenga si tunapikia uji na vitumbua, tukampe kuku? Swali lake nimelibeba. Mimi nachukua zile ndogo kabisa zinazobaki chini ya chekeche, ambazo mwenye mashine hana mnunuzi wake. Zile nzuri ziacheni ziende sokoni. Sitaki ufugaji wetu uje kupandisha bei ya uji wa watoto wa jirani.

Ila chenga zisije zikachanganywa na pumba. Mashine nyingi zetu hukoboa kwa mkupuo mmoja, kinachotoka nyuma ni pumba zilizochanganyika na makapi. Pumba yenyewe ni nzuri, ina mafuta mengi, lakini makapi ni kama kumlisha kuku mchanga. Tia gao moja kwenye ndoo ya maji uangalie. Makapi yataelea juu. Yakiwa mengi, iache. Na pumba nzuri isikae, mafuta yake huchacha ndani ya siku chache kwa joto letu, harufu inakuwa kali kama ya mafuta ya nazi ya zamani, na kuku anaikataa. Nunua ya wiki moja, basi.

Muhogo najua mtauliza, kwa sababu ndio tulionao. Si nafaka, lakini makopa yaliyokauka vizuri yana nguvu nyingi. Protini hayana, asilimia 2 au 3 tu. Unga wake unatimka vumbi, kuku wanapiga chafya. Usiwe muhogo mchungu, na uwe umemenywa na kukauka mpaka unavunjika kwa sauti. Mimi sizidishi kilo 10 katika 100, na nikiweka hizo naongeza dagaa. Chicha la nazi mpeni ng'ombe.

Kwa kuwa nimewataja dagaa mara nyingi, niseme la dagaa wetu. Dagaa wa visiwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukiwatumia hao halafu ukatia na chumvi ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mchanganyiko, umetia mara mbili. Kuku wanakunywa maji bila kukoma, maranda yanaloa, harufu ya kinyesi inakuchoma macho ukifungua mlango asubuhi, na wewe unakwenda kununua dawa ya kuhara. Onja dagaa kabla ya kununua. Ikiwa wana chumvi, acha kabisa kuongeza nyingine. Na wakung'uteni, mchanga ukianguka chini mnaujua umenunuliwa kwa bei ya dagaa.

Sasa namna ya kubadilisha. Kuku hapendi kushtukizwa, na mimi lile kosa la kubadilisha kwa siku moja nimeshalisema. Wiki ya kwanza waache na chakula cha kuanzia ulichokizoea. Siku ya 10 hivi ondoa robo ya mahindi, weka mtama mweupe au uwele. Wiki ya tatu, kama wanakula vizuri na kinyesi kimeshikana, fika nusu. Premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini, na methionini usiziguse, ziwe kama zilivyo.

Usianze na banda zima. Tenga kuku 20 kwa wavu, walishe mchanganyiko mpya, na wengine waendelee na wa zamani. Kila Ijumaa pima kuku 5 wa kila upande kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki inatosha, na pima chakula unachowapa kila upande. Mwisho gawa kilo za chakula kwa kilo za kuku. Kuku wako akila kilo 3 na robo akafika kilo 1 na robo tatu, kila kilo ya nyama imekula chakula karibu kilo 1 na gramu 850. Zidisha kwa bei ya kilo moja ya chakula chako. Nambari hiyo ndiyo ya kufananisha. Bei ya polo peke yake inadanganya: mtama ukiwa rahisi kwa sehemu moja katika kumi, na kuku wakala sehemu moja zaidi katika tano mpaka kufika uzito ule ule, umepoteza huku ukidhani umeokoa.

Wenye kuuza hotelini mtaniambia wateja wanataka ngozi ya manjano. Manjano hayo hutoka kwenye mahindi ya njano na kwenye majani. Mahindi yetu ni meupe, hayakuwa yakiwapa manjano tangu mwanzo, kwa hiyo mtama hautawapotezea kitu. Unga wa majani ya mlonge, kilo 2 au 3 katika 100 wiki mbili za mwisho, utawasogeza kwenye manjano hayo.

Nina ombi kwenu kabla sijamaliza. Tukitoka hapa tuandikishane majina na idadi ya kuku, kila mtu aseme ukweli wake. Tukijumlisha tutajua tunahitaji polo ngapi za mtama mweupe kwa mwaka, na hapo tutakuwa na la kuwaambia wakulima wa Micheweni kabla ya mvua: tutanunua kiasi hiki, cha mtama wa aina hii, uliokauka kiasi hiki. Mkulima hawezi kumlipa mtu wa kuamia kwa maneno ya "tutaona". Na sehemu ya kuamia tuitie kwenye bei, wazi, tangu mwanzo.

Kukauka ndiko nilikokuwekeni mwisho, kwa sababu nafaka yoyote kati ya hizi, ukiiweka ghalani ikiwa mbichi, itakufikisha pale nilipofika mimi na kuku wangu 41. Sisi ni watu wa karafuu. Hakuna mtoto wa Pemba asiyejua kukunja jamvi mbio mawingu yakitanda, na mnunuzi hadanganyiki kwa karafuu mbichi, anaivunja kwa vidole akasikiliza. Nafaka tunaitazama kwa macho tukasema imekauka. Chupa hii itatusikilizia.

Chumvi hii nimeikaanga asubuhi kwenye kikaango mpaka ikawa nyepesi kama mchanga, kwa sababu chumvi yetu muda wote ina maji, na ikiwa na maji itasema uongo. Chupa imekauka kabisa ndani. Tunatia nafaka mpaka robo ya chupa, tunatia vijiko viwili vya chumvi, tunafunga, tunatikisa kwa dakika kadhaa, kisha tunaiacha itulie robo saa. Chumvi ikianguka chini yote na kioo kikabaki safi, nafaka inaweza kuingia ghalani. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, irudishe juani.

Sikuyajaribu mahindi haya ya sahani ya kwanza. Nimeyanunua jana sokoni kama mnavyoyanunua nyinyi. Haya mwanangu wa safu ya nyuma, njoo. Shika chupa, tia. Funga vizuri. Tikisa, na wenzako wakuhesabie.